Ndugu Amekamatwa Houston: Mwongozo Kamili wa Kumtafuta Kwenye Rekodi za Kaunti ya Harris

Rekodi ya mtu aliyekamatwa Marekani haikai mahali pamoja. Polisi wana karatasi zao, jela ina zake, mahakama ina zake, na kila ofisi hujibu kuhusu kile kilichomo kwenye daftari lake tu. Ndiyo maana familia inaweza kukesha ikitafuta, kila tovuti ikajibu kuwa hakuna mtu wa jina hilo, na kumbe ndugu yuko ndani. Aghalabu si kwamba amefichwa. Ameulizwa kwenye ofisi ambayo bado haijampokea, au ile ambayo imeshamkabidhi kwingine.

Mwongozo huu unafuata njia anayopita mtu katika Kaunti ya Harris, jimbo la Texas, ambako sehemu kubwa ya Houston imo na ambako Wakongomani, Wakenya, Watanzania na Warundi wengi wanaishi. Ukiijua njia hii, kaunti nyingine hazitakupa shida sana, na tofauti zake kubwa ziko mwishoni.

Kwanza hakikisha kaunti

Texas ina kaunti 254, na mtu hupelekwa jela ya kaunti alimokamatiwa, si ya kaunti anamoishi. Anwani ya "Houston" haitoshi, kwa sababu jiji lenyewe linaingia Fort Bend na Montgomery. Katy imegawanyika kati ya Harris, Fort Bend na Waller. Aliyesimamishwa barabarani akitoka kazini Sugar Land yuko Fort Bend, hata kama nyumba yake iko Alief, upande wa Harris.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, muulize aliyeshuhudia: ni barabara gani, saa ngapi, na gari la polisi liliandikwa nini ubavuni? Ndani ya Harris peke yake wanakamata polisi wa Houston, maofisa wa sherifu, makonstebo wa maeneo manane, askari wa jimbo, na polisi wa miji midogo. Houston haina tena mahabusu zake yenyewe. Tangu 2019 wanaokamatwa na polisi wa jiji na wale wa sherifu hupokelewa pamoja katika kituo kilichopo 700 North San Jacinto, katikati ya mji. Miji kama Pasadena na Baytown, hata hivyo, ina mahabusu zake, na mtu anaweza kukaa huko kwanza kabla ya kupelekwa kwa sherifu.

Kama alikamatwa kwa hati ya kukamatwa iliyotolewa na kaunti nyingine, atawekwa kwanza pale aliposhikwa, kisha atasubiri wenye hati waje kumchukua. Mtafute kote kuwili.

Jina ndilo linaloangusha wengi

Kompyuta ya jela inatafuta kama mtu alivyoandikwa na ofisa wa mapokezi usiku ule, si kama anavyoitwa nyumbani. Chukua nakala ya kitambulisho, leseni au kadi ya ukaazi, uanze na jina lililoandikwa hapo herufi kwa herufi. Halafu badilisha kwa mpangilio huu:

1. Geuza majina. Mifumo ya Marekani inadai jina la ukoo na jina la kwanza. Mwenye majina matatu, kama Juma Hamisi Salum, anaweza kuandikwa ukoo Salum, au Hamisi, au hata Juma.
2. Ondoa alama. Ng'ang'a na Wang'ombe huingizwa bila kibainishi, na pengine kwa nafasi katikati: Nganga, Ng ang a. Jina lenye kistari, kama la mwanamke aliyeolewa, lijaribu kwa nusu ya kwanza, kwa nusu ya pili, na kwa yote mawili yakiwa yameunganishwa.
3. Jaribu tahajia zote za majina yanayojulikana kwa sura nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi, Yusuf na Yusufu, Abdallah na Abdalla.
4. Tumia herufi chache. Pale mfumo unapokubali, herufi tatu za mwanzo za ukoo pamoja na herufi ya kwanza ya jina huleta orodha ndefu, lakini mtu wako atakuwemo.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mitego yake. Marekani hutanguliza mwezi: 03/07/1990 ni tarehe 7 Machi, si 3 Julai. Na wakimbizi wengi waliopitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale wameandikishwa kuwa wamezaliwa 1 Januari, kwa kuwa tarehe kamili haikuwapo. Ukiweka ile tarehe halisi anayoijua mama yake, utakosa. Kinyume chake, ukimkuta mtu mwenye jina hilohilo na tarehe 01/01, usikurupuke kusema ndiye. Kwa jamii yetu majina na tarehe hiyo hugongana sana. Linganisha umri, picha kama ipo, na saa ya kukamatwa.

Kumtafuta jela

Nenda kwenye tovuti ya ofisi ya sherifu, harriscountyso.org, sehemu ya habari za jela, ambako kuna ukurasa wa kumtafuta mtu. Ni bure. Tovuti yoyote inayokudai malipo ili ikuonyeshe mahabusu wa Harris si ya sherifu.

Kuandikishwa kunachukua muda: alama za vidole, picha, uchunguzi wa afya, kuhesabiwa mali aliyokuwa nayo. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa, na siku za msongamano inapita nusu siku. Kwa hiyo kutoonekana saa mbili baada ya kukamatwa hakumaanishi chochote. Rudia baada ya saa tatu au nne, na ukitaka kuzungumza na mtu, piga namba ya habari za mahabusu iliyo kwenye tovuti hiyohiyo ya sherifu.

Akipatikana, andika kwanza namba yake ya SPN. Hii ni namba ambayo Kaunti ya Harris humpa mtu mara moja na kumfuata kila anapokamatwa tena humo. Kuanzia hapo achana na majina. Kwa wakili, kwa wakala wa dhamana, kwa anayetaka kumtembelea, SPN ndiyo itakayokuondolea maswali. Kisha soma mambo manne.

Mashtaka na daraja lake. Neno "Felony" ni kosa kubwa, "Misdemeanor" ni kosa dogo. Madogo yana ngazi: daraja A hufikia mwaka mmoja wa jela ya kaunti, daraja B siku 180, na daraja C ni faini tu isiyozidi dola 500.

Dhamana. Kiasi kinachoonekana ni chote, si kile ambacho lazima ulipe leo. Ukilipa chote taslimu kwa kaunti, hurudishwa kesi ikiisha endapo mshtakiwa alihudhuria kila mara. Ukipitia wakala, atakutoza sehemu, mara nyingi karibu asilimia 10, na hiyo hairudi hata kesi ikifutwa kesho yake. Kwa makosa madogo wengi huachiwa kwa dhamana binafsi bila kuweka fedha, kwa hiyo usikimbilie wakala kabla ya hakimu kuamua. Sehemu ya dhamana ikiwa tupu, huenda hakimu bado hajamwona. Sheria ya Texas inataka afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Aliyekamatwa bila hati kwa kosa dogo anapaswa kuachiwa kwa dhamana zikipita saa 24 bila hakimu kuthibitisha kuwa kulikuwa na sababu ya kumkamata.

Kizuizi. Neno "Hold" au "Detainer" lina maana kwamba kuna ofisi nyingine inayomtaka: kaunti nyingine, jimbo jingine, au uhamiaji. Mstari huu usiupite haraka. Tutaurudia.

Mwisho ni mahali alipo. Miaka ya karibuni kaunti hii imekuwa ikipunguza msongamano kwa kuwapeleka baadhi ya mahabusu kwenye jela za kukodi nje ya kaunti, hata Louisiana. Mtu wa namna hiyo bado ni wa Harris na kesi yake iko Houston, ila safari ya kumtembelea imeshakuwa nyingine kabisa.

Simu za jela hurekodiwa. Akikupigia, zungumzeni habari za watoto, wakili na fedha za dhamana, msizungumze kilichotokea. Kiswahili hakifichi kitu; mwendesha mashtaka hupata mkalimani kirahisi.

Kuipata kesi kwa karani

Jela inakueleza alipo. Kesi iko kwa karani wa mahakama za wilaya, kwenye hcdistrictclerk.com. Hapa Harris inatofautiana na kaunti nyingi za Texas, ambako makosa makubwa yako kwa karani wa wilaya na madogo kwa karani wa kaunti. Harris imeyaweka yote ya mahakama za jinai kwa karani wa wilaya. Ukimfuata karani wa kaunti utakutana na vyeti vya ndoa na hati za ardhi.

Fungua akaunti ya bure, kisha tafuta kwenye rekodi za jinai kwa jina, SPN au namba ya kesi. Katika Harris polisi hupiga simu kwanza ofisi ya mwendesha mashtaka, yenye watu wa zamu usiku na mchana, kabla ya kumfungulia mtu kesi. Kwa hiyo kesi inaweza kuonekana kwa karani wakati jina bado halijatokea jela. Familia zinazosubiri jela peke yake hupoteza saa nyingi hapo.

Ukurasa wa kesi una namba ya mahakama, tarehe ya kufika, wakili aliyepangwa na hatua zote zilizopita. Tazama saa kwa makini: 1:30 AM ni saa saba na nusu usiku, na kwa kalenda yao siku mpya imeshaanza saa sita usiku. Kukosa tarehe ya mahakama kwa kuchanganya saa huzaa hati mpya ya kukamatwa na kupoteza dhamana. Karani wa jinai yuko 1201 Franklin kwa anayetaka kwenda mwenyewe.

Makosa ya daraja C, yakiwemo mengi ya barabarani, hayako huko. Yako kwenye mahakama ya manispaa kama tiketi ilitolewa na polisi wa jiji, au kwa hakimu wa amani kama ilitolewa na konstebo, sherifu au askari wa jimbo.

Umetafuta kote, hayupo

Pitia sababu hizi kwa mpangilio, za kawaida zikitangulia. Bado anaandikishwa. Jina limeandikwa vingine. Ni kaunti nyingine. Yuko mahabusu ya mji mdogo. Aliumia au aliugua akapelekwa hospitali chini ya ulinzi. Ameshaachiwa, ila simu yake haina chaji. Hili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, maana watu hutolewa usiku wa manane.

Kama ana chini ya miaka 17, hutamwona kamwe: kumbukumbu za watoto ni za siri, na mzazi anapaswa kuwasiliana na idara ya vijana ya kaunti akiwa na uthibitisho wa uzazi. Lakini angalieni, wazazi: mwenye miaka 17 kamili huko Texas hushtakiwa kama mtu mzima, na jina lake litakuwa kwenye orodha ya jela pamoja na wakubwa.

Kama kesi yake ni ya serikali ya shirikisho, mtafute kwenye bop.gov, tovuti ya magereza ya shirikisho, ambayo ina waliowahi kufungwa tangu 1982, na faili zake za mahakama kwenye PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama za shirikisho, senti 10 kwa ukurasa, isipokuwa matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka husamehewa. Kama alishahukumiwa na kuhamishiwa gereza la jimbo, tafuta tovuti ya TDCJ, idara ya magereza ya Texas. Huko habari huwa zimechelewa angalau siku moja.

Uhamiaji ukiingia

Hapa ndipo makosa ya familia huwa ghali. Mahabusu asiye raia akiwa na kizuizi cha ICE, idara ya shirikisho inayokamata na kuwarudisha wahamiaji makwao, siku atakapostahili kuachiwa jela inaweza kumshikilia hadi saa 48 zaidi ili wao waje kumchukua. Kulipa dhamana ya kaunti hakumleti nyumbani. Kunamtoa mikononi mwa sherifu na kumweka mikononi mwa ICE. Kuna kesi ambazo hilo ndilo linalotakiwa, na kuna ambazo ni hasara tupu, maana dhamana imelipwa na mtu hakuonekana. Msilipe chochote kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Wa jinai peke yake hatoshi.

Akishachukuliwa, anatoweka kwenye orodha ya sherifu. Nenda locator.ice.gov. Njia ya uhakika ni namba ya A iliyoko kwenye kadi ya ukaazi, kibali cha kazi au barua za uhamiaji. Inatakiwa tarakimu tisa. Kama ina nane, anza na sifuri. Chagua nchi ya kuzaliwa, na hapa pana mtego: Mkongomani aliyezaliwa kambini Kigoma huenda kaandikwa Tanzania. Jaribu zote. Usishangae kukuta siku ya kwanza na ya pili hayupo, kwa kuwa anasafirishwa. Wengi wa eneo la Houston huwekwa kwenye vituo vya Conroe, kaskazini mwa jiji. Tarehe za mahakama ya uhamiaji husikika kwa simu ya mashine, 1-800-898-7180, kwa namba hiyohiyo ya A.

Kuhusu ubalozi: Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo mamlaka za Marekani lazima ziujulishe ubalozi raia wake anaposhikwa, atake asitake. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Raia wao huelezwa haki hiyo na huamua mwenyewe. Aliyeomba hifadhi kwa kuikimbia serikali yake amweleze wakili mapema, kwani habari za ombi la hifadhi hazipaswi kufikishwa ubalozini.

Kuomba karatasi kwa maandishi

Tovuti hazionyeshi kila kitu. Ukitaka ripoti ya polisi, tumia sheria ya Texas ya taarifa za umma, sura ya 552 ya sheria za serikali ya jimbo. Tangu kesi ya gazeti la Houston Chronicle dhidi ya jiji la Houston katikati ya miaka ya 1970, taarifa za msingi za ukamataji ni za wazi: jina la aliyekamatwa, umri, kosa, mahali na saa, maofisa waliohusika, kiasi cha dhamana. Simulizi za wapelelezi na mashahidi zinaweza kuzuiwa kesi ikiendelea.

Andika kwa idara iliyokamata, si kwa jela. Taja jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na mahali pa tukio, na namba ya tukio kama unayo. Omba "taarifa za msingi" kwa kuzitaja, usiombe "kila kitu", kwa sababu ombi pana ndilo hupelekwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo na kusubiri wiki nyingi. Huna wajibu wa kueleza unazitaka za nini. Idara ikitaka kukunyima, ina siku 10 za kazi za kuomba ruhusa kwa mwanasheria mkuu. Mahakama haziko chini ya sheria hii. Za kwao ombeni kwa karani.

Kama rekodi ni yako mwenyewe

Anayeomba uraia au kadi ya ukaazi hutakiwa kuleta nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa mahakama kwa kila alipokamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Karatasi uliyochapa kutoka kwenye tovuti haikubaliki. Iombe kwa karani yenye muhuri.

Texas inaruhusu kufuta kabisa rekodi katika hali kadhaa, kwa mfano ulipoachiliwa na mahakama au ulipokamatwa bila kufunguliwa mashtaka. Kwa hali ya pili kuna kusubiri: siku 180 kwa daraja C, mwaka mmoja kwa A na B, miaka mitatu kwa kosa kubwa. Lakini kabla ya kufuta, chukua nakala mbili tatu zenye muhuri uziweke kabatini. Rekodi ikifutwa, karani hawezi tena kukupa, na uhamiaji bado watauliza.

Kampuni zinazochapisha picha za waliokamatwa kisha kudai fedha ili kuziondoa zimewekewa masharti Texas na sheria ya 2013. Ikiwa habari si sahihi au rekodi imefutwa, usilipe, dai kwa maandishi.

Wezi wa simu

Kwa kuwa orodha ni ya wazi, matapeli nao wanaisoma. Hupiga saa chache baada ya mtu kuandikishwa, wakitaja jina, kosa na SPN bila kukosea, wakijiita sherifu au ofisi ya dhamana, na kutaka ulipe kwa Zelle, Cash App au kadi za zawadi za dukani. Hakuna jela ya kaunti inayolipwa dhamana kwa kadi za zawadi. Kata simu, uipige wewe namba iliyo kwenye tovuti ya kaunti.

Ukiwa kaunti nyingine

Tafuta jina la kaunti pamoja na maneno "jail roster" au "inmate search", na uhakikishe tovuti ni ya kaunti, mara nyingi inayoishia na .gov au .us. Si kila jela ni ya sherifu: Louisville, Kentucky, ina idara ya magereza ya jiji, na Kaunti ya King, Seattle, ina idara yake ya mahabusu. Louisiana hakuna kaunti bali "parish". Alaska, Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont jela karibu zote ziko mikononi mwa jimbo, kwa hiyo tafuta kwenye idara ya magereza ya jimbo moja kwa moja. Majimbo mengi pia yako kwenye vinelink.com, ambako unaweza kujiandikisha upate ujumbe mtu anapohamishwa au kuachiwa.